Shati Kavu, Shati Bichi

Sehemu ya tisa

Kufuli lililia nyuma yake, kha.

Hapo ndipo tulipomwacha Jicho, na jumbe mlizonitumia kunitukana kwa kumwacha pale nimezisoma zote. Haya, nimerudi. Kwa mgeni aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitasema kidogo tu.

Jicho si jina alilopewa na wazazi. Ni la kazini. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba shujaa wa filamu akiingia mlangoni na mkoba mkono wa kushoto, anatokea upande wa pili na mkoba huo huo, mkono huo huo, hata kama vipande hivyo viwili vilipigwa wiki tofauti. Ana mdogo wake wa kiume, Paka, ambaye kazi yake ilikuwa kuruka na kuanguka badala ya nyota wa filamu. Miezi michache iliyopita Paka aliokotwa chini ya jengo walilokuwa wakipigia filamu ya kijasusi. Miguu yake haikuamka tena. Shati lilikuwa linanuka pombe. Wakubwa wa filamu wakasema siku ile hakukuwa na kazi, kijana alipanda paa kwa ulevi wake mwenyewe.

Katika sehemu ya wiki jana Jicho alipewa filamu iliyokamilika asake makosa yake kabla haijaonyeshwa kwa umma. Akafika pale shujaa anaposukumwa kutoka paani. Akaona kwamba anayeanguka ameficha vidole gumba ndani ya ngumi. Mtu huyo anamjua tangu alipokuwa akirushwa juu na wajomba, analia kwa furaha na vidole gumba amevificha.

Yaani filamu ilikuwa imekula anguko lake. Anguko ambalo waliapa hakuna kamera iliyoliona.

Ndipo kufuli likalia.

"Usigeuke kwanza," sauti ikasema. "Malizia kutazama."

Alikuwa Mkasi, fundi anayekata na kuunga vipande vya filamu ile. Najua mlishamhukumu. Msomaji mmoja ameniandikia kwamba alimtilia shaka tangu sehemu ya pili kwa sababu hachani nywele. Poleni. Mkasi alifunga mlango ili bosi asiingie.

"Wewe ulijua," Jicho akasema bila kugeuka.

"Nilijua kuna kitu. Nilikuwa nasubiri mwenye macho akione."

"Umesubiri miezi."

"Nimesubiri kwa woga," Mkasi akasema. "Tazama."

Filamu yenyewe, na tuambizane ukweli, ni takataka. Mpaka kufikia hapo Jicho alikuwa ameshaikinai. Gari la jambazi linavunjwa kioo kwa risasi, linakata kona, kioo kizima kinameta. Shujaa ana kidonda shavu la kulia. Akimkumbatia mchumba kimehamia la kushoto. Akienda kumzika mwenzake amepona kabisa, hata kovu hana. Kikombe cha chai kinanywewa mpaka nusu kisha kinajijaza chenyewe. Bastola moja inatoa risasi nyingi kuliko wageni wa harusi. Watu wazima walilala, wakaamka, wakavaa, wakaenda kazini kutengeneza uchafu huo.

Lakini hayo ni makosa ya uvivu. Hili lililofuata halikuwa la uvivu.

Jicho akarudisha picha nyuma. Mtu anaanguka kinyumenyume kutoka paa la ghorofa ya pili. Shati la buluu linapepea. Picha inakatika. Inakuja nyingine: mtu yule yule amelala kiubavu, kifua kimegeukia kamera, hatikisiki.

Akasimamisha hapo.

"Umeona nini?" Mkasi akauliza.

"Shati."

"Lina nini?"

"Anaanguka na shati kavu. Chini amelala na shati bichi."

"Jasho, labda."

"Jasho halianzii kwenye kola likateremka mpaka mkandani kwa mstari mmoja. Huyu amemwagiwa kitu. Ameanguka kwanza, kisha amemwagiwa."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, mate yakamjaa mdomoni. Akainama kwenye kapu la taka akatapika chai yote ya asubuhi. Mkasi alimshikia kilemba kisitumbukie, maskini, ndiyo msaada pekee aliouweza.

Maana elewa, msomaji wangu, kile kilichokuwa kwenye kioo. Mtu amevunjika mgongo. Badala ya kumkimbilia na machela, kuna mtu alimkimbilia na chupa. Akamloweka kama nyama. Kisha wakampiga picha akiwa vile vile, wakaiweka kwenye filamu kwa sababu amelala vizuri. Mimi nimeandika habari za wezi, wachawi na wanasiasa katika ukurasa huu, na sijawahi kutamani kunawa mikono katikati ya sentensi kama leo.

"Siku ile nilitumwa kwa fundi cherehani kufuata mashati ya akiba," Jicho akasema, anajifuta. "Bosi mwenyewe alinituma. Alisema hakuna kazi."

"Ilikuwepo. Watu wachache. Kulikuwa na mawingu siku zote hizo, si unakumbuka? Wakasema wakinyakua jua kidogo wanamaliza." Mkasi akavuta kiti. "Kwenye filamu nimeweka ngoma juu ya tukio hilo. Lakini sauti yenyewe ya siku ile ninayo. Unataka?"

"Weka."

"Jishike mahali."

Hapa lazima nieleze jambo moja la kazi yao, msije mkanipotea. Mtu wa kuanguka kinyumenyume haangalii chini. Akiangalia, shingo inageuka, na anguko linaharibika. Kwa hiyo anasimama ukingoni amewapa mgongo walioko chini, anangoja neno moja. Chini kuna godoro kubwa la kupokelea. Likishawekwa sawasawa, mtu mmoja anapaza sauti: "Lipo." Akisikia "lipo", anajiachia. Hakuna kuuliza mara mbili. Maisha yake yote anayaweka juu ya neno hilo.

Mkasi akabonyeza.

Upepo. Mtu anakohoa. Kisha sauti ya bosi, haina haraka: "Jua vipi?"

Sauti nyingine ikajibu, kwa nguvu: "Lipo."

Halafu kishindo. Sitakieleza. Halafu sauti ya bosi tena, na mara hii ilikuwa na haraka: "Usizime. Usizime kamera."

Mmeelewa? Lugha yetu ni karimu mno. Neno moja linatosha jua na linatosha godoro, halibagui. Aliyeulizwa habari za jua alitazama juu, akaona wingu limepita, akajibu jua lipo. Na kijana aliyesimama ukingoni, mgongo kwa watu, akasikia godoro lipo. Akajiachia kama alivyofundishwa.

"Rudia," Jicho akasema.

"Imetosha, dada yangu."

"Rudia hilo neno."

Mkasi akarudia. Lipo. Akarudia tena. Lipo.

Jicho akaketi. Sauti ile hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Ndiyo iliyomwambia asubuhi hiyo hiyo asisahau mwavuli. Ilikuwa sauti ya mumewe, mpiga picha wa filamu.

Naam. Yule mume mwema mnayemsifu kila wiki. Yule aliyeacha kazi nyingine zote ili amwogeshe shemeji yake, amgeuze kitandani, amlishe uji kwa kijiko, huku akimnong'oneza kwa upole, "Yamepita, shemeji, pombe imewashinda wengi." Mtaa mzima unamtaja kwa mfano. Kuna msomaji alisema angependa kumpata wa hivyo. Mchukue.

Kisha likamjia jambo lililomchafua zaidi. Aliyekuwa na kamera siku ile ni huyo huyo. Akaitazama tena picha ya mtu amelala, mdogo wake, nyama yake, ana shati bichi. Picha imetulia. Mumewe hujisifu kwamba mkono wake hautetemeki. Ni kweli. Haukutetemeka hata kidogo.

Mlango ukagongwa.

"Mmejifungia mnafanya nini humo?"

Bosi. Watu humwita Bwana Tena, kwa kuwa hajawahi kuridhika na kitu kikifanywa mara moja. Mkasi akamtazama Jicho. Jicho akaitika kwa kichwa. Mlango ukafunguliwa.

Bwana Tena aliingia anachokonoa meno kwa kijiti. Akaona picha iliyosimama kwenye kioo, uso ukamchangamka.

"Aa, mmefika hapo. Katika vifo vyote nilivyopiga, hiki ndicho kimetulia."

"Hakufa," Jicho akasema.

"Kwenye filamu kafa." Akatema kipande cha kijiti sakafuni. "Haya, umeona kosa?"

"Shati."

"Shati limefanyaje?"

"Anaanguka kavu, analala bichi."

Bwana Tena akasogea, akakodoa. "Rudisha." Mkasi akarudisha. "Tena." Akarudisha tena. Jicho akangoja uso ule ubadilike. Alitaka kuona hata aibu ya nukta moja tu.

"Lo, kweli," Bwana Tena akasema. "Umenisaidia. Hawa watazamaji wa siku hizi wangetucheka. Mkasi, huwezi kulitia giza shati lote lionekane limelowa tangu juu? Au tuseme kuna mvua. Mvua inaingia hapo?"

Mkasi aliinamia mashine yake.

"Nauliza, mvua inaingia?"

"Yule ni mdogo wangu," Jicho akasema.

"Namjua. Nilimbeba kwa mikono hii kumpakia garini." Akavuta kiti akakaa kinyume, mikono juu ya egemeo, kama baba anayetaka kusuluhisha watoto. "Sikia, mwanangu. Ilikuwa bahati mbaya. Neno limegongana na neno. Godoro lilikuwa bado kwenye lori, halijashushwa hata kamba. Tulikuwa tunapima mwanga tu. Kijana hakuangalia."

"Kazi yake ni kutoangalia."

"Ndiyo maana nasema hakuna mwenye kosa."

"Na pombe?"

Bwana Tena akakitazama kijiti chake. "Pombe imewaokoa watu wengi. Ingesemwa tumemwangusha mtu bila godoro, nani angefanya kazi tena hapa? Wewe? Mumeo angekuwa wapi leo? Fikiri kwanza kabla ya kuninunia. Chupa nilishika mimi, sikatai. Nikammwagia mara moja, nikaitupa mtaroni, basi. Sijivuni nalo."

"Na bado ukamweka kwenye filamu."

"Ningefanyaje? Limetoka vizuri."

Ni mkavu wa macho, mtu huyu. Alisimama, akanyoosha suruali, akampiga Jicho begani kwa upendo. Bega lile Jicho alilifuta kwa kanga mpaka likawasha.

"Kesho watu wanaingia ukumbini," Bwana Tena akasema mlangoni. "Hilo shati lishughulikieni leo."

Alipotoka, Mkasi akachomoa flashi kwenye mashine, akamwekea Jicho kiganjani. Picha ilikuwamo, na sauti ilikuwamo.

"Kwa nini unanipa?"

"Kile kishindo nilikikata mimi," Mkasi akasema. "Nikakilinganisha na ngoma kiingie pamoja, kilete raha. Tangu siku hiyo nikitafuna nakisikia. Nenda nacho."

Jicho alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, maana alijua akikaa karibu na mtu yeyote garini atamtapikia. Na alikuwa na sababu ya kukimbia, ingawa wengine mmeisahau.

Alasiri hiyo mama yao alikuwa anakuja.

Mama huyu alinyang'anywa mume na pombe. Namaanisha aliuguza, akafua, akasuta, mwisho akazika. Wanawe wawili aliwalisha kiapo wakiwa wadogo, wasiiguse kamwe. Tangu jioni ile ya hospitali, alipolinusa lile shati, hakukanyaga tena alipo Paka. Alisema ana binti tu. Naye Paka, kijana ambaye kilevi kikali alichowahi kuonja ni dawa ya kikohozi, alikuwa amelala miezi yote hiyo akiambiwa alikunywa, akiambiwa kwa upole, kwa kijiko cha uji, mpaka juzi akamwambia dada yake: "Mwite mama. Nitakiri. Nimechoka kutokuwa na mama."

Basi leo angekiri. Na mama akishasikia mwanawe amekiri kwa mdomo wake, hapo hata malaika aje na flashi, mama hatabadilisha. Mnamjua.

Jicho akasukuma mlango.

Kitanda cha Paka kiko sebuleni, kwa kuwa kiti chake cha magurudumu hakipiti mlango wa chumbani. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi la mbali, mkoba juu ya mapaja, chai mbele yake haijaguswa. Paka ameegemezwa kwa mito. Na kwenye kigoda, miguuni pake, mumewe Jicho ana beseni la maji ya uvuguvugu, anamwosha shemeji yake nyayo, kidole kwa kidole.

"Umewahi leo," mume akasema, anatabasamu. "Mmepata makosa mengi?"

"Moja."

"Moja tu? Basi filamu ni nzuri."

Jicho hakumtazama usoni. Alikuwa anaitazama mikono ile inavyopaka sabuni.

"Mama," Paka akaanza, "nimekuita nikuombe msamaha. Siku ile mimi—"

"Mama, usimwitikie," Jicho akasema.

Mama akageuza shingo. "Tangu lini unaniamrisha?"

"Leo tu. Nisamehe. Nipe muda wa kuwasha televisheni."

"Mimi sikufunga safari kuja kutazama sinema."

"Si sinema, mama."

Akachomeka flashi. Mume aliiona picha ya kwanza, lile paa, na mkono uliokuwa na sabuni ukasimama. "Mke wangu," akasema taratibu, "hiyo si ya kuangalia mbele ya mgonjwa."

"Mgonjwa ndiye mwenyewe."

Picha ikatembea. Shati kavu likaanguka. Kishindo kikaja bila ngoma yoyote. Mama akashika kochi. Kisha shati bichi, limetulia, na ile sauti ya bosi ikiamuru kamera isizimwe.

Paka hakufumba macho. Alitazama mpaka mwisho bila kushangaa, jambo ambalo Jicho hakulitilia maanani wakati ule.

"Rudisha pale mtu anaposema," mama akasema.

Jicho akarudisha. Jua vipi? Lipo.

"Nani huyo kasema lipo?"

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka viganjani mwa mume yakirudi besenini.

"Nimeuliza kwa Kiswahili."

"Ni mimi, mama," mume akasema.

Kisha akalia. Sitamnyima haki yake, alilia kweli, makamasi na yote. Akaeleza kwamba aliulizwa jua, akajibu jua. Kwamba alipogeuka kijana ameshajiachia. Kwamba pombe alimwaga bosi, na yeye alitishwa asiseme. Kwamba kila akimwogesha shemeji yake anaoga dhambi. Alisema maneno mengi mazuri, na alikuwa bado ameshika mguu wa Paka, akiukumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Mimi nilishika kamera tu," akamalizia.

"Uliishika vizuri," Jicho akasema. "Haikutikisika."

"Mke wangu, ilikuwa mshtuko."

"Uache huo mguu."

"Nisikilize kwanza."

"Umemlisha mdogo wangu uji kwa mkono huo, unamwambia alikunywa. Nimelala na wewe. Nikijishika ngozi naona kinyaa. Uache mguu wake."

Hakuuacha. Mama akainua kiganja. Aliinuka kutoka kochi la mbali, akavuka sebule, akakaa ukingoni mwa kitanda ambacho hakuwahi kukikaribia. Akamshika Paka kidevu, akausogeza uso wake karibu na wa mwanawe, akanusa mdomo wake, kama wanavyofanya akina mama kwa watoto wachanga.

"Siku ile sikufanya hivi," akasema. "Nilinusa shati. Mdomo wa mwanangu sikuunusa. Mama mzima, nikaamini kitambaa."

Paka akafumba macho. Chozi likamtoka, na mama hakulifuta. Alikuwa ameshamgeukia mtu mwingine.

"Mkwe wangu. Lile shati pale hospitali, nani alinipa?"

"Mimi, mama. Lilikuwa kwenye mfuko."

"Ukaniambia, mama nusa mwenyewe, nikisema mimi utaona nasingizia."

"Ndiyo."

"Mwanangu alianguka saa ngapi?"

"Mchana. Jua lilikuwa limetoka."

"Jua limetoka," mama akarudia. "Na bosi wenu alimwaga pale pale?"

"Pale pale. Mara moja tu, nathibitisha, akaitupa chupa."

"Mimi nilifika hospitali taa zimewashwa. Nimefua nguo maisha yangu yote. Shati jepesi likimwagiwa mchana wa jua, jioni limekauka, limebaki harufu. Ule mfuko nilipoushika ulinilowesha viatu. Shati lilikuwa linadondoka."

Jicho, ambaye analipwa kwa kuona vitu kama hivyo, alianza kuhesabu kwa vidole. Kavu paani. Bichi mchana. Na bichi tena jioni, mikononi mwa mumewe. Bwana Tena alimwaga mara moja. Ya pili hakuwa yeye.

"Nani alilimwagia tena?" mama akauliza. "Njiani? Au mlangoni pa hospitali, uliponiona naja?"

Mume akafungua mdomo. Machozi yalikuwa yamekatika ghafla, kama mtu aliyefunga bomba.

"Nilitaka uamini, mama," akasema. "Nilijua usipoamini utauliza. Ukiuliza, nyumba yangu inavunjika. Nilikosea neno moja tu. Neno moja. Nisingepoteza mke kwa kosa la neno."

"Shemeji," Paka akasema.

Wote wakageuka. Kijana alikuwa amefumbua macho, yamekauka. Miezi yote hiyo aliwaambia madaktari kwamba hakumbuki kitu, kwamba kichwa chake ni cheupe tangu asubuhi ya siku ile.

"Shati waachie wao. Mimi nikuulize godoro."

"Godoro lilikuwa kwenye lori," mume akasema haraka. "Halikushushwa. Bosi ni shahidi."

"Bosi alikuja baadaye. Mimi nilifika asubuhi. Tulilishusha pamoja, mimi na wewe, ukashika upande wa mlango. Nililikanyaga kwa hii miguu kulipima." Paka akamgeukia dada yake. "Naikumbuka siku ile yote, dada. Nilikuwa naogopa kuisema nikiwa nimelala mbele ya mtu anayenigeuza. Nilipopanda ngazi, kabla bosi hajafika, godoro lilikuwa pale chini, na aliyebaki nalo peke yake alikuwa mumeo."